Soli za Mheshimiwa

1

Kila mwaka, alizeti zikishavunwa na upepo wa Singida ukianza kuwachapa watu vumbi usoni, Chama cha Magurudumu hukutana kwenye ghala la zamani la mafuta na kubadilishana viatu. Usicheke. Mtu asiyekanyaga chini anaweza kuvaa pea moja miaka kumi na mitano na isichakae. Kinachochakaa ni hamu yake tu. Ngozi inang'aa, soli iko kama ilivyotoka kiwandani, na mwenyewe amekichoka kiatu mpaka hataki kukiona. Ndipo waasisi wa chama walipobuni siku hiyo: unaleta pea uliyoichoka wewe, unaondoka na pea aliyoichoka mwenzako, na wote wawili mnajiona mmependeza.

Utaratibu wenyewe hauna haraka. Mwenyekiti anakishika kiatu, anakigeuza, anakiinua juu na kuuliza kwa sauti, "Soli?" Ukumbi mzima unajibu, "Mpya!" Kisha watu wanacheka hadi machozi, kana kwamba utani huo umezaliwa asubuhi hiyo. Mgeni akiingia bila kuambiwa anaweza kudhani amekosea mlango. Kumbe wenyewe wanajicheka mapema, kabla hajatokea mwingine wa kuwacheka.

Hosiana Ntandu aliijua siku hiyo kwa miaka kumi na tisa, tangu alipoteleza juu ya mtambo wa kukamulia alizeti akavunjika mgongo, msichana wa miaka ishirini na minne. Miaka yote hiyo alibadilishana na mtu mmoja tu, Rukia Kingu, mwenyekiti wa chama, kwa sababu miguu yao ililingana namba. Rukia alizaliwa na mgongo wazi na hakuwahi kupiga hata hatua moja maishani. Ndiye aliyemfundisha Hosiana kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kumsubiri mtu, kumjibu karani anayeongea na msaidizi wako kana kwamba wewe hupo, na kulia haraka haraka ili kazi iendelee. Tena watu wa magurudumu walipolala barabarani siku thelathini, mpaka serikali ya Shirikisho ikakubali kutenga viti kumi na viwili katika Baraza la kutunga sheria kwa watu wenye ulemavu, Rukia ndiye aliyekataa kwenda na kulitaja jina la Hosiana.

"Mimi nina mdomo," alisema. "Nitafukuzwa wiki ya kwanza. Mpelekeni Hosi, anajua kuongea na watu wa tai."

Basi mwaka huu Mheshimiwa Hosiana alifika na treni ya asubuhi, viatu vyake vya kahawia vikiwa mapajani ndani ya mfuko wa karatasi. Walimpokea kwa vigelegele. Alishikana nao mikono, akawauliza habari za watoto, akaahidi hili na lile. Keshokutwa yake Baraza lingepigia kura Muswada wa Mwili Mzima, na kila aliyemsogelea alikuja na swali lile lile: "Mheshimiwa, utatusemea?" Naye kila mmoja alimjibu, "Si ndiyo kazi mliyonituma?"

Zamu yao ilipofika, Rukia alikichukua kiatu cha kulia cha Hosiana na kukigeuza kwa madaha, mkono tayari unapanda juu. Mkono ukakomea njiani.

Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje. Katikati ya soli michirizi ilikuwa imefutika kabisa, na karibu na kidole gumba palinasa kijiwe cheupe.

Hosiana alikiona kijiwe hicho kutoka pale alipokaa. Mtu anayetembea hutazama soli zake mara kwa mara, maana anajua zinaisha. Yeye alikuwa ameishi miaka kumi na tisa na viatu visivyoisha. Kwa miezi kumi na minne sasa alikuwa akitembea kwa siri, mapazia yamefungwa, akizunguka sebule ya nyumba ya serikali na ule ua mdogo wa nyuma wenye kokoto, kwa sababu tu alipenda kuusikia mlio wa visigino vyake mwenyewe. Alikuwa amewaza habari za walinzi, jirani, kamera, hata mfanyakazi wa usafi. Haikumjia akilini hata siku moja kwamba kiatu huchakaa.

Rukia alimtazama. Halafu akakifunika kisigino kwa kiganja chake kipana, akakiinua kiatu mbele ya watu mia mbili, akauliza kwa sauti ile ile ya kila mwaka, "Soli?"

"Mpya!" ukumbi ulipasuka.

Rukia naye aliitikia pamoja nao. Hosiana aliisoma midomo yake ikisema neno lile, na akatamani sakafu ifunguke immeze, yeye na kiti chake.

2

Walijifungia kwenye stoo ya viti vibovu, nyuma ya ukumbi. Nje watu walikuwa wameanza kula; harufu ya kuku wa kienyeji ilipenya chini ya mlango. Rukia alikuwa bado amevipakata vile viatu vya kahawia.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nne."

"Nionyeshe."

"Dada Rukia..."

"Nimesema nionyeshe."

Hosiana alifunga breki ya kiti, akasimama. Hakuyumba. Laiti angeyumba kidogo! Alisimama wima katikati ya magurudumu mabovu, mrefu kuliko alivyojikumbuka, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamtazama Rukia kutoka juu. Aliuona utosi wake, nywele za mvi zilizosukwa kwa mistari minne. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, miguu ile ile aliyoililia miaka yote. Akaketi upesi.

"Uzi," Rukia alisema.

"Uzi."

Nchi nzima ilikuwa ikiusikia Uzi kila saa kwenye matangazo ya Wizara ya Ustawi wa Mwili. Seli huchotwa puani mwa mgonjwa mwenyewe, zikaoteshwa juu ya uzi mwembamba kuliko unywele, na uzi huo ukapitishwa ndani ya uti wa mgongo kuvuka mahali palipokatika. Kidude kidogo kinachoshonewa chini ya kwapa huufundisha uzi kupeleka amri kwenye miguu. Matangazo yalimwonyesha kijana akicheza mpira. Muswada ulisema kila mwenye ulemavu wa miguu atawekewa Uzi ndani ya miaka mitatu, na kwa kuwa basi hatabaki mlemavu, vile viti kumi na viwili vitafutwa, na pamoja navyo wasaidizi, vipandio vya magurudumu vilivyojengwa mahali pa ngazi, na viti vya umma. Atakayekataa Uzi atahesabika kuwa ameichagua hali yake.

"Waliniita kwenye majaribio," Hosiana alisema. "Tulikuwa tisa. Nikajiambia nitaenda kuona, halafu nije niwaeleze. Nilijidanganya. Nilienda kwa sababu nilitaka kutembea. Nilitaka sana, dada, siwezi kukuficha."

"Kutaka si kosa. Na hao wanane?"

Hosiana alikitazama kijiwe kwenye soli. "Mmoja anatembea kama mimi. Watatu hawakupata kitu. Watatu wanaungua."

"Wanaungua vipi?"

"Miguuni. Saa zote, kama wamekanyaga makaa. Daktari alisema ubongo ambao haujawahi kupokea habari za miguu hauzielewi, unazigeuza kuwa maumivu. Mwili uliowahi kutembea unakumbuka. Ambao haujawahi... Wa tisa alikuwa binti wa Manyoni, Nyemo. Sisi tulimwita Namba Sita, ndivyo walivyotuandika. Alizaliwa na mgongo wazi. Shuka ikimgusa alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Siku moja nilipita mlangoni kwake nikakuta kitanda kimetandikwa upya."

Rukia alitoa karatasi iliyokunjwa chini ya mto wa kiti chake. Ilikuwa barua ya Wizara. Alikuwa kwenye orodha ya kwanza, wale watakaoanza kuwekewa Uzi mara tu muswada ukipita, kwa heshima ya uongozi wake.

"Hii nilikuwa nikuonyeshe leo," alisema. "Nikuulize niende au nisiende. Maana nakuamini."

Hosiana alifunika uso kwa mikono. Alikuwa ametia sahihi ya kutunza siri za majaribio, na Wizara nayo ikakubali kuitunza siri ya miguu yake, mpango ulioonekana wa muda tu, mpaka apate la kusema. Mwezi ukazaa mwezi. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti, akabebwa na gari maalumu, akapokelewa kwa heshima, na kila siku ugumu wa kusema uliongezeka. Yote hayo alimweleza Rukia, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mdogo.

"Sikiliza, Hosi," Rukia alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilitisha kuliko matusi. "Sijachukia kutembea kwako. Ungenipigia simu ukaniambia, dada nimetembea, ningelia kwa furaha mpaka majirani wakaja. Nilichochukia ni kukaa kwako. Umekaa kwenye kiti chetu mwaka mzima na mdomo umeufunga. Na leo umenifanya niwadanganye watu wangu, mimi, na nywele hizi."

"Nifanye nini?"

"Mimi sikumpeleka barazani mtu wa kuuliza afanye nini."

Akavua viatu vyake vya bluu vyenye kishikizo cha fedha, akamwekea mapajani. "Vaa. Usipotoka na viatu vyangu watu watauliza." Kisha akaugeuza mwendo wa kiti, akafungua mlango, na papo hapo akaanza kutaniana na watu wa kuku, sauti juu, kama hakuna lililotokea.

3

Asubuhi ya kura, Bwana Tluway alimtangulia ofisini. Alikuwa katibu wa Wizara, mwembamba, mpole, mtu wa kukufungulia mlango huku akikufungia mwingine.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimesikia ulikuwa Singida. Sherehe zilikwenda vizuri?"

"Marahaba. Vizuri."

"Tunakutegemea leo. Si lazima uafiki. Ukikataa pia sawa, watu wako watafurahi, na hesabu zetu zinatosha." Alitabasamu. "Tunachoomba ni usitaje majaribio."

"Nikiyataja?"

Bwana Tluway alivuta kiti akaketi, ili wawe usawa mmoja. Alikuwa amefundishwa adabu hiyo kwenye semina, na Hosiana ndiye aliyeendesha semina yenyewe.

"Hebu tufikirie pamoja. Utasema Uzi haufai. Watauliza umejuaje. Utasema ulikuwa mmoja wa wale tisa. Watauliza, na wewe je, ulikuwaje? Sasa hapo, Mheshimiwa, utawaambia Uzi haufanyi kazi kwa miguu ipi? Hiyo unayosimamia?" Alisema bila ubaya wowote. "Utakuwa tangazo letu zuri kuliko yule kijana wa mpira. Na kiti utakuwa umekipoteza, jina umelipoteza, na wale watu wa Singida, sijui watakuitaje. Mimi nakuonea huruma tu."

Alipoondoka, Hosiana alibaki akitazama viatu vya bluu. Kilichomuuma ni kwamba Tluway hakukosea. Angenyamaza, wengine waliozaliwa kama Rukia wangelala kwenye kitanda cha Nyemo. Angesema, miguu yake ingemsuta mbele ya nchi nzima. Alitafuta njia ya tatu kama alivyoitafuta miezi kumi na minne, na akajua, kwa uchungu wa kuchelewa, kwamba ile njia ya tatu ndiyo aliyokuwa akiifuata siku zote. Jina lake lilikuwa kunyamaza.

4

Ukumbi wa Baraza ulijengwa mviringo, na viti kumi na viwili vilipewa safu ya mbele, mahali ambapo kamera zingeviona vizuri. Juu, kwenye jukwaa la wageni, Rukia alikuwa amefika na watu wanane wa chama. Alivaa vile viatu vya kahawia. Hosiana aliviona, akatazama pembeni.

Kila mjumbe alipewa dakika tatu. Waliosema kabla yake walisifu sayansi, wakamsifu Waziri, wakarudi kuisifu sayansi. Kisha Spika, mama mmoja mwenye sauti kavu, akaita: "Mheshimiwa Ntandu. Wewe endelea kukaa hapo hapo, kanuni inakuruhusu."

"Mheshimiwa Spika," alisema Hosiana, "naomba nisiitumie kanuni hiyo."

Alifunga breki, akasimama.

Halafu mtu mmoja safu za nyuma akapiga makofi, mwingine akafuata, na ghafla ukumbi mzima ulikuwa umesimama ukishangilia. Wanaume wazima walifuta machozi. Waziri alinyoosha mikono kumwelekea kama baba wa arusi. Hosiana hakuwahi kupigiwa makofi kama yale maishani mwake, na kila kofi lilimpata shavuni. Aliinua macho kwenye jukwaa. Wale tisa wa Singida hawakupiga makofi. Wanane walikuwa wamemtumbulia macho kama watu waliomkuta jamaa yao anaiba. Rukia peke yake alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kaeni!" Hosiana alisema. Hawakumsikia. Akapaza sauti mpaka ikapasuka: "Kaeni chini! Mnapigia makofi nini? Nimewadanganya mwaka mzima!"

Makofi yalikatika vipande vipande.

"Natembea tangu mwaka jana. Kila siku nimeingia humu nimekaa kwenye kiti ambacho si changu tena, kwa sababu nilipenda kutembea na nilipenda kuitwa Mheshimiwa, na sikutaka kupoteza hata kimoja. Hakuna aliyenishikia kisu. Nimeona aibu kila siku, na kila siku nikaimeza nikaenda kunywa chai. Hilo ni langu. Sasa sikilizeni ambalo ni lenu. Tuliwekewa Uzi watu tisa. Wawili tunatembea, na wote wawili tulivunjika ukubwani. Watatu wako walivyokuwa. Watatu wanaungua miguu mchana na usiku, na mmoja wao amewaomba madaktari waikate. Wa tisa aliitwa Nyemo, alikuwa na miaka kumi na tisa, na tumemzika. Alizaliwa na mgongo wazi. Ripoti ipo wizarani, iiteni isomwe. Mkiipitisha sheria hii bila kuisoma, mtakuwa mnajua mnachofanya, kama nilivyojua mimi."

Taa nyekundu iliwaka. Dakika zake zilikuwa zimekwisha. Bwana Tluway, kwenye viti vya maofisa, alikuwa akiandika kitu kwenye karatasi bila kuinua uso.

Spika alikohoa. "Mheshimiwa... Bibi Ntandu. Kwa mujibu wa kanuni, mwenye kiti maalumu anayepoteza sifa hupoteza kiti saa hiyo hiyo. Kura yako haitahesabiwa. Naomba utoke ukumbini."

Kutoka safu ya mbele hadi mlangoni ni hatua arobaini. Hakuwahi kuzihesabu, maana siku zote alizipita kwa magurudumu. Sasa alizihesabu zote, akiburuta aibu yake mbele ya macho ya watu mia tatu, na viatu vya Rukia vilikuwa vikilia kwenye marumaru kama viatu vinavyolia siku ya kwanza dukani. Nyuma yake alimsikia mjumbe mmoja akiomba mwongozo wa Spika kuhusu ripoti, kisha mwingine, kisha sauti nyingi kwa mpigo. Mlango ukafungwa.

5

Alikaa kwenye ukingo wa kipandio cha magurudumu, nje, jua la saa sita likimchoma utosini. Hakuwa na mahali pengine pa kukaa. Baada ya saa moja hivi kundi la Singida lilitoka. Wale wanane walimpita bila salamu. Mzee mmoja aliyemfahamu tangu ujana wake alipunguza mwendo, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake.

Rukia alisimamisha kiti mbele yake.

"Wameuahirisha," alisema. "Mpaka ripoti isomwe yote. Wameuahirisha tu, haujafa."

"Na wewe?"

"Mimi siendi kokote. Nimeichana barua." Akanyoosha mkono. "Nipe viatu vyangu."

Hosiana aliinama, akafungua vishikizo vya fedha. Rukia alikipokea kiatu cha kulia, akakigeuza taratibu kama alivyofanya mbele ya watu miaka yote. Hatua arobaini si nyingi, lakini marumaru ya Baraza ni kali, na michirizi ya kisigino ilikuwa imeanza kupata mikwaruzo myeupe. Alipitisha kidole gumba juu yake.

"Soli?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kwa miaka kumi na tisa jibu lilikuwa moja.

"Zimetembea, dada," Hosiana alisema.

Rukia aliitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, wala hakukasirika. Aliinama akavua vile viatu vya kahawia kimoja baada ya kingine, akaviweka chini, kwenye saruji, mbele ya miguu mitupu ya Hosiana. Kijiwe kilikuwa bado kimenasa pale pale.

"Vaa vyako," alisema. "Viatu vya kutembelea sisi hatuna wa kumpa."

Kisha akageuza kiti na kukishuka kipandio, akiwafuata wenzake. Hosiana alivivaa viatu vyake. Alibaki amekaa hapo mpaka kundi lilipokata kona, maana hakutaka wamwone akisimama.